Kizingiti Chini ya Jiko

Kwenye kitambulisho alikuwa na jina lake zuri tu, lakini lilikaa humo humo kwenye kitambulisho. Watu wote, kuanzia wachimbaji wenzake mpaka muuza mkaa, walimwita Brashi. Hata mkewe, aliyekuwa na haki ya kumwita anavyotaka, alimwita Brashi. Sababu ilikuwa tabia yake. Mpe kiazi kilichotoka shambani, atakipangusa udongo kwa ncha za vidole, polepole, kutoka juu kwenda chini, utadhani akikiharakisha kitavunjika. Miaka ishirini na sita ya kufukua mji wa watu waliokwisha kufa ilikuwa imemharibu namna hiyo, na hakuwa na mpango wa kutengenezeka.

Mji wenyewe ulikuwa nyuma ya makazi yao, upande wa kilima. Mgeni asiyejua aliona mashimo ya mraba yaliyozungushiwa kamba, na ndani yake kuta zinazoishia magotini, akauliza mji uko wapi. Brashi aliujua kama mtu anavyoujua mtaa aliokulia. Alijua mfinyanzi alikaa wapi, nyumba ipi iliungua, na ipi wenyewe waliihama tu wakaacha vyungu mekoni. Haya yote aliyajua kwa mkono. Wasomi walikuwa na vyombo vyao vya kupimia na kompyuta zao, lakini ilipofika mahali udongo wa sakafu unapokutana na udongo wa shimo la takataka, na rangi ni ile ile, walimwita yeye. Anapiga magoti, anakwaruza kwa mwiko wa mwashi mara mbili tatu, anasema: "Huku sakafu, huku shimo." Na inakuwa hivyo.

Mkuu wa uchimbaji alikuwa mama mmoja mwembamba, hatulii, waliyemwita Daktari. Msimu wa kwanza, kabla watu hawajaelewa udaktari wake ni wa kutibu nini, kina mama walimpelekea watoto wenye kikohozi. Aliona aibu kuwafukuza, akawapa maji na biskuti, na wengi wakapona. Kwa misimu tisa Daktari alikuwa akitafuta kitu kimoja, lango la mji. Ukuta aliupata, akaufuata pande tatu, lango hakuliona. "Hawa watu hawakuwa wakiruka ukuta kama wezi," alikuwa akisema kila asubuhi akivaa kofia yake. "Waliingilia wapi?" Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Daktari alikuwa ameinama mpaka mgongo ukaanza kuzoea.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo Brashi alimfundisha kila kibarua mpya kabla hajamkabidhi mwiko. Kila msimu ukiisha, mashimo hufukiwa ili mvua isiyale. Basi hufukii hivi hivi. Juu ya ulichokikuta unatandika nailoni ya bluu. Juu ya nailoni unalaza chupa iliyozibwa vizuri, ndani yake karatasi yenye tarehe, jina la aliyechimba, na maneno machache ya kueleza kilichoko chini. Ndipo unarudisha udongo. Atakayekuja kuchimba baada ya miaka mia ataona bluu, atasimama, atajua kuna mwenzake alifika. "Kufukia bila nailoni," Brashi aliwaambia vibarua, "ni kama kutoka nyumbani kwa watu bila kuaga." Vibarua walicheka, lakini walitandika.

Sasa tumzungumzie mkewe, maana habari hii ni yake kuliko ya mji.

Mkewe alikuwa mshonaji mpaka miaka saba iliyopita, presha ya macho ilipomfunga jicho la kulia, kisha, mwaka haujaisha, la kushoto. Hospitali walisema wamechelewa. Miezi sita ya kwanza alikaa kitandani akielekeza uso ukutani. Halafu siku moja alishusha miguu sakafuni akaanza kujifunza nyumba upya. Waliijenga wenyewe hiyo nyumba, vyumba viwili na jiko, sakafu ya udongo walioushindilia kwa miguu yao wakiwa vijana. Kutoka kitandani mpaka jikoni zilikuwa hatua kumi na moja: tano mpaka mlango wa chumba, pale sakafu inashuka kidogo, tatu mpaka kwenye pipa la maji, ambapo pana ubaridi, tatu nyingine mpaka kwenye meko. Alizitembea mara ishirini kwa siku bila kupapasa. Alipika, alifagia, alimkaripia Brashi kwa kuacha kiti njiani. Mgeni akija, ilimchukua muda kugundua kwamba mwenyeji haoni. Siri ya mkewe kurudi kuwa mtu ilikuwa kwenye hiyo sakafu, na wote wawili walilijua hilo vizuri.

Akitoka nje tu, mambo yalibadilika. Bomba lilikuwa uani, na uani palikuwa na utelezi. Mwezi wa kwanza wa msimu ule wa tisa alianguka na ndoo, akachubuka kiwiko na akaumiza nyonga. Hakulia. Aliketi hapo kwenye matope akisema, "Brashi akirudi asijue," na jirani aliyemnyanyua alikwenda moja kwa moja kumwambia Brashi.

Ndiyo maana Brashi aliamua kuyaingiza maji jikoni. Fundi bomba aliangalia, akasema, "Kazi yangu ni kuunga, mzee, kuchimba si kazi yangu, na kwa wewe ningeona hata aibu." Basi siku ya mapumziko Brashi alianza mwenyewe, kutoka uani, akipita chini ya ukuta wa jikoni, mtaro wa upana wa sepetu. Alikusudia kwenda chini kidogo tu, bomba lisikanyagwe. Lakini mkono una mazoea yake. Alikuwa akinyoosha kuta za mtaro, akikwangua chini sawasawa, na alipofika katikati ya jiko sepetu iligonga kitu, na mlio wake haukuwa wa jiwe la kawaida.

Aliweka sepetu chini, akaenda kuchukua mwiko.

Lilikuwa jiwe lililochongwa, refu kama mtu aliyelala. Upande mmoja lilikuwa na tundu la mviringo, limelainika ndani, mahali mhimili wa mlango mkubwa ulipokuwa ukizunguka. Na katikati lilikuwa limebonyea, bonde pana na laini ambalo halichongwi na chuma. Ni miguu tu inayofanya hivyo, miguu mingi, kwa muda mrefu. Brashi alikaa kwenye ukingo wa mtaro akalitazama. Misimu tisa. Lango la mji lilikuwa chini ya meko ya mke wake.

Furaha ilimjia kwanza. Lazima lisemwe, asije akaonekana mtakatifu. Ilimpanda kifuani hata akataka kukimbia kilimani kumwita Daktari. Ilidumu kwa muda wa kupumua mara tatu nne hivi, kisha akakumbuka nyumba ya fundi viatu, ambayo ukuta wa kaskazini ulipita chini yake. Ile nyumba haikuwepo tena. Sheria ilikuwa hivyo: jengo lolote lililokaa juu ya mji lazima liondoke, mwenye jengo apewe nyumba ya badala. Fundi viatu alishukuru mpaka akatoa hotuba.

"Mbona umenyamaza?" mkewe aliuliza kutoka chumbani. "Umekata bomba la watu?"

"Hapana. Jiwe tu."

Alizihesabu hatua akaja. Brashi hakuwahi kumzuia. Alifika kwenye ukingo, akaketi, akashusha miguu mtaroni, na nyayo zake zikatua katikati ya lile bonde. Akausogeza mguu mmoja mbele, akaurudisha.

"Hapa pamepitwa sana," alisema.

"Ee."

"Ndilo lile mnalotafuta?"

Brashi angeweza kudanganya. Alikuwa hodari wa mambo mengi, lakini kuhusu kilichomo ardhini hakuwa amewahi kusema uongo, na ulimi ulimgomea. "Ndilo," alisema.

Mkewe aliendelea kulisugua jiwe kwa unyayo. "Brashi," alisema mwisho, "mimi nina hatua kumi na moja duniani. Sina nyingine."

Akanyanyuka, akarudi chumbani, na Brashi alizisikia: tatu, tatu, tano.

Alifukia siku hiyo hiyo kabla jua halijashuka, na fundi bomba akaambiwa bomba litapita juu kwa juu ukutani. Hapa ndipo mtu yeyote mwingine, muuza mkaa, fundi viatu, mimi na wewe, angerudisha udongo, akashindilia, akaweka meko mahali pake, yakaisha. Brashi alishika sepetu, akatupa udongo mara ya kwanza, na ulipolipiga lile jiwe wazi, mkono ulikataa. Alijaribu tena. Ukakataa tena. Basi akaingia stoo, akatoa kipande cha nailoni ya bluu kilichobaki msimu uliopita, akakitandika, akakipapasa kingo zikakaa sawa. Akatafuta chupa. Akaandika karatasi kwa penseli, maana wino hufutika. Alijiambia kwamba hilo halina ubaya. Miaka mia ikipita, yeye na mkewe hawatakuwepo, na atakayekuja atastahili kujua. Akaziba chupa kwa nta ya mshumaa, akailaza, akafukia, akashindilia. Ilikuwa kazi safi sana.

Kwa wiki kadhaa alikwenda kazini kama kawaida. Daktari akisema "lango", Brashi alikohoa. Mara mbili alimkuta amekaa peke yake kwenye mwisho wa ukuta, ameshika shavu, na alimhurumia kama ndugu. Msimu ule ulikuwa wa mwisho kwa Daktari. Waliokuwa wakimtuma walikwisha kumwambia akirudi mikono mitupu asiwaombe tena. Alimwambia Brashi hayo kama mtu anavyozungumzia hali ya hewa. Brashi alimsikiliza akiangalia viatu vyake.

Halafu akili za Daktari zikafanya kazi yake, na hilo nalo usimlaumu. Alitandaza ramani, akaweka rula kwenye pande tatu alizozijua, akavuta mstari wa nne. Mstari ulitoka kilimani, ukavuka njia, ukaingia kwenye makazi. "Tutatoboa," alisema. Walikuwa na chuma kirefu cha kutobolea ardhi, kama keekee ya seremala, kinachozungushwa kwa mikono miwili na kutoa udongo wa chini kidogo kidogo bila kubomoa kitu. Wa kukizungusha alikuwa mmoja. Nani mwingine angekisikia kinapogusa nini?

Walikwenda ua kwa ua, Brashi na chuma, Daktari na daftari, na pamoja nao afisa kutoka idara ya mambo ya kale, kijana nadhifu aliyependa kusema "kwa mujibu wa". Uani kwa muuza mkaa hawakupata kitu. Uani kwa Brashi, Brashi mwenyewe alichagua mahali, akatoboa mara tatu, udongo mtupu. Alianza kupumua.

"Mstari unapita jikoni," Daktari alisema akitazama ramani. "Shemeji, utaturuhusu tundu moja dogo?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. "Muulizeni mwenye nyumba," alisema.

Mwenye nyumba alikuwa na chuma mkononi na watu wawili wakimsubiri. Angesema nini? Alisema karibuni. Akaingia akasimama kando, mbali na meko kadiri jiko lilivyoruhusu, lakini lilikuwa jiko dogo, na Daktari akamwonyesha kwa kidole: "Hapo, Brashi. Penye udongo laini." Udongo ulioshindiliwa miezi miwili iliyopita haufanani na wa miaka thelathini. Brashi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuuona.

Alizungusha. Alizungusha kizembe, kwa pembeni, akiomba kimoyomoyo chuma kipite kando. Kilipotoka, kwenye meno yake palikuwa na uzi wa bluu.

Daktari aliutoa ule uzi kwa vidole viwili, akaunyoosha kwenye mwanga wa dirisha. Aliujua kama alivyojua mwandiko wake. Duniani kote hakuna mtu anayezika nailoni ya bluu chini ya jiko, isipokuwa watu wa kazi ile, na kati ya watu wa kazi ile mmoja tu alikuwa na jiko hapo.

"Brashi," alisema, "ni nani aliyechimba hapa?"

"Fungueni tu," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Mtamchosha bure."

Walifungua. Chupa ikatoka, nta iko vile vile, na afisa, ambaye hakujua, aliisoma karatasi kwa sauti. Ilikuwa na tarehe na jina, lile la kwenye kitambulisho. Kisha: *Kizingiti cha lango la mji. Kizima, sikukigusa. Juu yake alikuwa anaishi mtu asiyeona ndiyo maana nimefunika. Wewe uliyekuja, samahani kwa kukuchelewesha.*

Mficha maradhi kifo humuumbua, watu walisema baadaye, na wengine walileta na ile ya mchimba kisima. Maneno ya bure hayo. Brashi hakumchimbia mtu kisima. Alikuwa ameandika barua kwa mtu wa miaka mia ijayo, ikafika mapema.

Afisa alikuwa tayari ametoa simu. Daktari alisubiri mpaka alipotoka uani kutafuta mtandao, akamgeukia Brashi. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na Brashi hakujua ni ya lango au ya kitu kingine. Pengine hata yeye hakujua.

"Ungeniambia mimi tu," alisema.

"Ungefanyaje?"

Daktari alikuwa mtu wa kweli. "Ningechimba," alisema.

Waliandika barua. Daktari mwenyewe aliandika mbili, akieleza habari ya mke wa Brashi na sakafu yake, na akaenda nayo moja kwa mkono mpaka idarani. Jibu lilirudi la heshima kabisa: familia itapewa nyumba ya badala, tena bora kuliko ya awali, kwa kuzingatia hali ya mama. Neno "sakafu" halikutajwa. Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu akilia kwa furaha. "Mama, saruji. Na choo ndani. Mungu amewaona." Majirani walikuja kupongeza. Muuza mkaa alisema angetamani lango lingekuwa chini ya kwake. Mke wa Brashi aliwaitikia wote, akawamiminia chai bila kumwaga tone, kwa mara ya mwisho.

Nyumba mpya ilikuwa nyuma ya shule, kwenye safu ya nyumba zinazofanana kama mayai. Ilikuwa nzuri. Siku ya kwanza mkewe alivua viatu, akasimama katikati ya chumba, akasogeza mguu huku na huku.

"Sakafu hii haisemi kitu," alisema.

Ilikuwa laini sawasawa kutoka ukuta mpaka ukuta, haishuki popote, haina ubaridi mahali wala joto mahali. Alihesabu, akajigonga. Alihesabu upya, akaingia chooni akidhani ni jikoni. Wakati mwingine mtu huyeyuka mbele yako na huna cha kumshikia. Brashi alifanya alichojua kufanya. Alileta kamba na misumari ya kazini, akavuta kamba usawa wa kiuno kutoka kitandani, kupitia mlangoni, mpaka kwenye jiko, akaipima kwa pima maji ikanyooka kama ya shimoni. Siku tatu mkewe aliifuata akiishika kwa mkono wa kushoto. Siku ya nne aliikuta imelegea, akaivuta, msumari ukang'oka kwenye plasta.

"Iondoe," alisema. "Mimi si mbuzi."

Aliiondoa. Alianza kumkuta alivyomwacha: ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imekaa pamoja, uso umeelekea mahali mlango ungekuwa katika nyumba ile nyingine. Huku pana ukuta.

Daktari alipomwomba Brashi aongoze uchimbaji wa lango pale kwenye nyumba yao ya zamani, wenzake walidhani atakataa. Yeye mwenyewe alidhani hivyo. Lakini aliona vibarua wapya wakishusha sururu kwenye gari, na akaona mikono yao. "Kama lazima ichimbwe," alisema, "basi nitaichimba mimi."

Kuta zilishuka kwa siku moja. Yeye na mkewe walizijenga kwa miezi minne. Ikabaki sakafu peke yake juani, na Daktari akafungua fomu mpya, kwa maana kila kitu huanzia juu, na tabaka la juu lazima liandikwe hata kama ni uchafu wa jana. Brashi alimwona akiandika. Alikuwa amejaza fomu hizo pamoja naye mara mia, akajua sentensi kabla kalamu haijaigusa karatasi: *Tabaka la kwanza. La kisasa. Limevurugwa. Liondolewe.*

Akaanza kufagia vumbi la kuta, na chini ya vumbi kikatokea kitu.

Ulikuwa mkanda wa udongo mgumu, unaong'aa, upana wake kama futi moja. Ulianza pale palipokuwa na miguu ya kitanda, ukaenda moja kwa moja, ukashuka kidogo mlangoni, ukapinda mahali palipokuwa na pipa, ukaishia kwenye jivu. Pembeni mwake udongo ulikuwa mwororo. Kwa miaka ishirini na sita walikuwa wakitafuta kitu cha namna hii katika mji mzima, njia moja ya mtu mmoja ndani ya nyumba yake, na hawakuwahi kuipata, kwa sababu udongo hautunzi miguu ya mtu mmoja isipokuwa apite pale pale kila siku bila kukosea hata upana wa kiganja. Anayeona hapiti hivyo.

Alimwita Daktari. Alikuja, akaona, akaelewa, akachutama kando yake.

"Ichore," Brashi alisema.

"Brashi, ni ya juzi."

"Najua ni ya lini."

Daktari alitazama kilimani, ambako afisa alikuwa akiongea na watu wa magari. Zilikuwa zimebaki siku nane msimu uishe, na mvua ilikuwa inanuka. "Kwenye fomu haina mahali," alisema kwa sauti ndogo. "Naweza kuipiga picha." Akaipiga, mbili, akaweka na rula ya kipimo pembeni kama inavyotakiwa. Kisha akaondoka akaenda kusimama mbali, akiwa amewapa mgongo.

Brashi aliipangusa yote kwa brashi, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ikang'aa kama gamba la kobe. Aliitembea mara moja. Miguu yake ni mirefu. Yeye aliimaliza kwa hatua tisa. Kibarua mmoja akaja na sururu, na Brashi akanyoosha mkono akaichukua, kwa sababu hakutaka mkono mwingine. Alianzia jikoni akirudi nyuma kuelekea kitandani. Udongo ule ulikuwa mgumu, ilimchukua asubuhi nzima.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado liko juu. Mkewe alikuwa ukingoni mwa kitanda. Alisikia viatu, akageuza uso.

"Leo mmekuta nini?" aliuliza. Aliuliza kila siku, miaka ishirini na sita, na hakuona sababu ya kuacha sasa.

Brashi aliketi karibu naye. Mikono yake ilikuwa na vumbi la nyumba yao. "Tumekuta njia," alisema.

"Ya lango?"

"Hapana. Ya ndani ya nyumba. Ilikuwa ya mwanamke mmoja. Alikuwa anatoka chumbani kwenda jikoni."

Mkewe alifikiri. "Mmejuaje ni mwanamke?"

"Kwa hatua zake."

Vidole vyake vilichezea upindo wa kanga. Kisha akauliza, polepole, "Alikuwa anakwenda peke yake?"

"Peke yake," Brashi alisema. "Hakuna aliyemshika."

Mkewe akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari ya ndugu wa mbali. Nje watoto wa shule walikuwa wakiruhusiwa. Baada ya muda alinyoosha mkono hewani, upande ambao hakuwa na hakika nao, akangoja ushikwe.

"Nina kiu," alisema. "Nipeleke jikoni."